Ufundi wa Wakili Aukot

Kifungu cha 140 cha Katiba ya Kenya ni kifupi. Asiyeridhika na ushindi wa rais mteule ana siku 7 za kufika Mahakama ya Juu. Mahakama ina siku 14 za kusikiliza na kuamua. Na ikiubatilisha uchaguzi, uchaguzi mpya ufanyike katika muda wa siku 60. Hakisemi ni nani watakaowania katika uchaguzi huo mpya. Pengo hilo lilikaa humo tangu 2010 bila kumsumbua mtu, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kwamba siku moja majaji wangeufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga akasoma uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi wa Agosti 8 ukafutwa, na pengo lile likawa shida ya nchi nzima.

Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, haikukawia kuliziba. Ilitangaza kwamba marudio yatakuwa ya watu wawili, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Wagombea wengine sita waliokuwa kwenye karatasi ya Agosti waliachwa nje, na wengi wetu tuliliona jambo la kawaida. Hao sita kwa jumla hawakufikisha hata asilimia moja ya kura. Mmoja wao, Dkt. Ekuru Aukot wa chama cha Thirdway Alliance, alikuwa amepata kura 27,311 katika nchi iliyopiga kura zaidi ya milioni 15. Mwanasiasa wa kura hizo huwashukuru waliompigia, hulipa madeni ya mabango, kisha hurudi kwenye kazi yake. Kazi ya Aukot ni uwakili, na akarudi kwayo kwelikweli: alikaa chini akasoma.

Nataka kueleza taratibu alichokisoma, kwa sababu ndani yake kuna ufundi ambao hatuuzungumzii tunapozungumza siasa. Tunasifu sauti ya jukwaani, ucheshi wa mikutano ya hadhara, hesabu za kanda na miungano. Usomaji wa sheria tunawaachia mawakili, nao hulipwa na wenye kura nyingi. Aukot ameujenga mwenendo wake wote wa kisiasa juu ya usomaji huo, akiwa na chama ambacho hakijawahi kuwatisha wakubwa kwa wingi wa wafuasi.

IEBC ilikuwa na tegemeo lake. Mwaka 2013, Raila alipopinga ushindi wa Uhuru kwa mara ya kwanza, Mahakama ya Juu ilijadili maana ya uchaguzi mpya na kueleza kwamba, ikiwa aliyeleta kesi ni mgombea mmoja tu, basi marudio yatakuwa kati yake na yule aliyetangazwa mshindi. Hayo ni maneno ya mahakama iliyo juu ya zote nchini, na mtu wa kawaida akiyasoma huona mjadala umefungwa. Wakili huuliza swali moja zaidi: je, maneno haya yalihitajika ili kesi iamuliwe? Mwaka 2013 kesi ya Raila ilitupiliwa mbali. Uchaguzi ulisimama kama ulivyotangazwa, na hapakuwa na marudio ya kupangiwa wagombea. Kwa hiyo yale yalikuwa maoni ya pembeni, ya kusikilizwa kwa heshima lakini yasiyoifunga mahakama nyingine mikono. Kinachofunga ni Katiba, na Kifungu cha 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuwania wadhifa wa umma.

Kuna hatua nyingine ndogo ambayo ndiyo hasa inayonifanya nimpe heko. Kesi ya Raila ilipokuwa ikisikilizwa mwezi Agosti, macho yote yakiwa kwenye fomu za matokeo na mitambo ya IEBC, Aukot na Profesa Michael Wainaina, mgombea mwingine wa kura chache, waliomba waingizwe katika kesi kama wahusika wenye maslahi. Magazeti yaliligusia jambo hilo kwa mstari mmoja au miwili. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba uchaguzi utafutwa. Lakini ulipofutwa, Aukot hangeweza kuulizwa alikuwa wapi wenzake walipokuwa wakipambana. Jina lake lilikuwa kwenye jalada la kesi.

Hoja hiyo Aukot aliipeleka Mahakama Kuu, na Jaji John Mativo akatoa uamuzi tarehe 11 Oktoba 2017, siku 15 tu kabla ya marudio. Alikubali kwamba maoni ya 2013 hayakuwa na nguvu ya kumfungia mtu nje, akaagiza jina la Aukot liwemo. Siku moja kabla, Raila alikuwa ametangaza kujiondoa, naye pia akitegemea hukumu ile ile ya 2013, sehemu yake nyingine, akisema kwamba mgombea akijiondoa basi uteuzi uanze upya. Yaani ndani ya saa 24 kurasa chache za hukumu moja zilikuwa zimesomwa kwa namna mbili tofauti na watu wawili waliotaka mambo mawili tofauti, na usomaji uliobadilisha karatasi ya kura ni wa yule mwenye kura 27,311. IEBC ililegea, wagombea wengine wakarudishwa pamoja naye, hata wale ambao hawakufungua kesi yoyote. Tarehe 26 Oktoba Aukot alipata kura 21,333 na kushika nafasi ya tatu nyuma ya Raila aliyekuwa amesusia. Kura zake zilipungua kuliko za Agosti. Sioni kwamba hilo linapunguza chochote katika kazi aliyoifanya mahakamani, ila ni haki msomaji alijue.

Usomaji wa namna hii haupatikani ghafla. Aukot alizaliwa Kapedo, kule Turkana inakopakana na Baringo, mahali ambapo kwa miaka mingi serikali imejulikana zaidi kwa malori ya askari kuliko kwa barabara au shule. Alisomea sheria hadi shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, na utafiti wake ulihusu wakimbizi. Mwaka 2003 alichapisha makala kuhusu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ambayo kichwa chake kilisema, kwa maneno mengine, kwamba heri mtu awe mkimbizi kuliko awe Mturkana pale. Mkimbizi ana shirika la kimataifa linalohesabu chakula chake na maji yake. Mwenyeji anayeishi nje ya ua wa kambi hana wa kumhesabia. Kwa mtu aliyelelewa katika mazingira hayo, sheria iliyoandikwa ndiyo ngazi pekee ya kumfikia mwenye mamlaka. Hana ndugu wizarani, na kabila lake si kubwa kiasi cha kubembelezwa wakati wa uchaguzi.

Baadaye akaongoza Kituo Cha Sheria, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 kuwapa wasiojiweza msaada wa kisheria. Kisha akawa mkurugenzi wa sekretarieti ya Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu ya Katiba chini ya uenyekiti wa Nzamba Kitonga. Rasimu hiyo ilipigiwa kura ya maoni Agosti 4, 2010, ikapita kwa takribani asilimia 67, na kuzinduliwa Agosti 27. Wapo wanaodhani hapo ndipo penye siri yake yote: aliyekuwapo wakati wa kuandika lazima aijue Katiba. Sidhani. Walikuwapo wengi, na wengi wao leo wanaisoma kama watu wengine tu. Aliyeandika sheria mara nyingi hukumbuka alichokusudia, na mahakama haiamui kwa kumbukumbu za mwandishi. Inaamua kwa kilichoandikwa. Aukot aliweza kurudi kwenye maandishi aliyokuwa karibu nayo na kuyasoma kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Afadhali nieleze ombi la kikatiba lenyewe linavyotengenezwa, maana bila hilo sifa zangu zitabaki hewani.

Kwanza ni nani anaruhusiwa kulileta. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Jaji alimwambia kwamba hana haki ya kushtaki kwa sababu hakuna alichopoteza yeye binafsi kuliko Wakenya wengine. Kesi ikaishia mlangoni. Wafadhili walipojitoa jengo halikujengwa, lakini mlango wa mahakama ulibaki umefungwa kwa miaka mingi. Katiba ya 2010 iliuvunja mlango huo. Vifungu vya 22 na 258 vinamruhusu mtu yeyote kufika mahakamani kwa niaba ya umma, na kanuni zilizotolewa mwaka 2013 wakati wa Jaji Mkuu Willy Mutunga zinaruhusu hata barua ya kawaida kupokewa kama ombi. Kwa chama kidogo, hiyo ni silaha bora kuliko mbunge. Bungeni ungehitaji wingi. Hapa unahitaji hoja moja iliyo sawa, ada ya kufungua kesi, na moyo wa kusubiri.

Kisha kuna usahihi. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979, mahakama za Kenya zimesisitiza kwamba anayedai Katiba imevunjwa ataje kifungu gani, kimevunjwa na nani na kwa namna gani. Hapo ndipo maombi mengi ya wanasiasa hufia. Hujaa hasira, hutaja vifungu ishirini kwa mkupuo, huomba mahakama itoe amri kumi na tano, na jaji akimaliza kusoma hajui ashike lipi. Fundi cherehani mzuri akiletewa suti mbovu huigeuza ndani nje, akatafuta ule mshono mmoja unaoshikilia vingine, akaufumua huo. Ombi zuri hufanya hivyo hivyo. Swali la 2017 lilikuwa moja: maoni ya pembeni yanaweza kumnyang'anya raia haki ya Kifungu cha 38? Jibu ni ndiyo au la.

Na kuna wakati. Ukifika mapema, utaambiwa jambo halijaiva, serikali haijaamua lolote. Ukichelewa, utaambiwa maji yamekwisha kumwagika. Katikati kuna dirisha la siku chache, na ni katika siku hizo wakili anapaswa kuwa na hati ya kiapo iliyokamilika, vielelezo vimepigwa nambari, na cheti cha dharura kinachomshawishi jaji kwamba shauri hili halingoji zamu. Nadhani hatuuthamini vya kutosha uchovu wa kazi hii. Hadhira yake ni jaji mmoja na karani wake. Hakuna vuvuzela.

Penye udhaifu wake pia pasifichwe, maana unafundisha kitu kuhusu ufundi wenyewe. Mwaka 2019 Aukot na chama chake walileta mswada wa kurekebisha Katiba walioupa jina la Punguza Mizigo. Walitaka wabunge na maseneta wapungue kutoka 416 hadi 147, kila kaunti ichague mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kwenda Bunge la Taifa, rais atumikie muhula mmoja wa miaka 7, na kaunti zipate angalau asilimia 35 ya mapato. Kifungu cha 257 kinadai sahihi milioni moja za wapigakura. Mwezi Julai IEBC ilithibitisha sahihi 1,222,541. Kwa chama kisicho na magavana wala fedha za serikali, hiyo ilikuwa kazi kubwa mno, na barazani na kwenye matatu watu waliujadili mswada huo kwa hamu, kwa sababu kila Mkenya anaujua uzito wa mishahara ya waheshimiwa. Lakini baada ya sahihi, mswada huenda kwa mabunge ya kaunti, na lazima 24 kati ya 47 yaupitishe. Haukufika hata karibu. Wakubwa wa vyama vya Jubilee na ODM walikuwa na mswada wao njiani, na madiwani waliwasikiliza wakubwa wao. Kumshawishi diwani kunahitaji simu za usiku, ahadi, urafiki wa miaka. Sehemu hiyo ya siasa Aukot hajawahi kuimudu. Mwaka 2022 hata jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura ya urais.

Hata hivyo safari ile ya Punguza Mizigo haikupotea. Mswada wa wakubwa, BBI, uliozaliwa na salamu za Uhuru na Raila za Machi 2018, ulikuja ukipitia Kifungu hicho hicho cha 257, kifungu cha mwananchi kuanzisha mabadiliko mwenyewe. Nao ukapita katika zaidi ya kaunti 40. Thirdway Alliance ilikuwa miongoni mwa walalamishi waliokwenda Mahakama Kuu kuupinga, pamoja na mwanauchumi David Ndii na wenzake na wengine kadhaa. Mei 13, 2021 majaji watano waliuzima. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao kwa sehemu kubwa Agosti mwaka huo, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu, ingawa ilitofautiana nao katika mambo kadhaa, ikashikilia kwamba rais hawezi kujivika joho la mwananchi wa kawaida na kuanzisha mabadiliko kwa njia hiyo. Sifa za ushindi huo ni za wengi, na zimegawanywa ipasavyo. Ila ukitaka kujua njia ya Kifungu cha 257 iliwekwa kwa ajili ya nani, inasaidia kuwa umeipita kwa miguu yako, ukikusanya sahihi moja moja bila gari la serikali. Chama cha Aukot peke yake, kati ya wote waliokuwa mahakamani siku ile, kilikuwa kimeipita miaka miwili tu nyuma.

Msomaji wa Tanzania atamkumbuka hapa Mchungaji Christopher Mtikila wa Democratic Party. Hakuwa wakili, lakini alikuwa na ukaidi huo huo wa kurudi mahakamani. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alimpa ushindi Dodoma kuhusu mgombea binafsi, Bunge likabadilisha Katiba kuuziba, akarudi Mahakama Kuu na kushinda tena 2006, Mahakama ya Rufaa ikautengua ushindi huo 2010, naye akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, ambayo Juni 2013 ilimpa haki. Miaka ishirini juu ya swali moja! Wapigakura walimpa kura chache kila alipogombea.

Kazi ya Aukot ninayoipenda zaidi, kwa unadhifu wake, ni ya Haiti. Oktoba 2, 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 2699, likiruhusu ujumbe wa usalama utakaoongozwa na Kenya, na serikali ilikuwa imeahidi polisi 1,000. Oktoba 9, wiki moja tu baadaye, Jaji Chacha Mwita alikuwa amekwisha kutoa amri ya muda kusimamisha safari kwa ombi la Aukot, chama chake na mwenzake. Bunge liliidhinisha safari mwezi Novemba na vipaza sauti vikapiga kelele. Ombi halikujihusisha na kelele hizo. Halikuuliza kama Haiti inastahili kusaidiwa, wala kama polisi wetu wanaiweza kazi ile. Liliuliza nani kisheria anaweza kuwatuma. Kifungu cha 240 kinalipa Baraza la Usalama wa Taifa uwezo wa kupeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Polisi wana sura yao nyingine katika Katiba, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ina sehemu nzima kuhusu kuwapeleka nje: lazima kuwe na makubaliano ya pande mbili na nchi inayowapokea. Sheria hiyo ilikuwa kwenye rafu za maktaba miaka 12.

Januari 26, 2024 jaji aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi nje, na kwamba bila makubaliano ya namna hiyo safari ni kinyume cha Katiba. Wengine walisema uamuzi huo ni wa bure kwa kuwa serikali itapata tu njia nyingine. Lakini tazama njia iliyopata. Machi 1 Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, alikuwa Nairobi, na mbele yake na Rais William Ruto yakatiwa saini makubaliano yale yale ambayo sheria ya 2011 iliyadai na ambayo mwezi Oktoba serikali haikuona haja nayo. Siku chache baadaye Henry alitangaza kwamba atajiuzulu. Mwezi Mei Aukot alikuwa amerudi mahakamani akidai hukumu ya Januari imepuuzwa, na Juni 24 kundi la kwanza la polisi likaondoka Nairobi na kesi yake ingali mbele ya majaji.